Lori Langu la Kijani Lililobaki Goma

Mie nilianzia Kurasini nikibeba magunia mgongoni, na leo nina malori. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nilirithi. Darasa la nne sikulimaliza. Kusoma nilijifunzia kwenye milango ya makontena, na hesabu nilifundishwa na watu walionidhulumu. Sasa hivi nikiingia yadi, mawakala wa forodha wenye tai zao wananipisha kiti na kuniita mzee, wakati hata mvi sina za kutosha.

Malori yangu yote ni ya kijani, kijani kile kizito cha kijeshi, na turubai la kijani juu. La kwanza nililinunua mnadani likiwa na rangi hiyo, nikaona barabarani linaheshimika. Likilala Mbagala, vibaka hawachungulii turubai lake. Basi yaliyofuata nikayapaka vilevile, na likipita Kilwa Road watu wanajua ni mie napita. Madereva walishanionya kwamba rangi ile kwa safari za Kongo siyo nzuri, kule wapo wanaoiogopa na wapo wanaoitamani. Nikawajibu kwamba rangi yangu ndiyo jina langu, na asiyetaka kuendesha jina langu akaendeshe bajaji.

Aliyelipeleka moja Goma alikuwa shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu, mtoto wa kiume pekee kwa mama yake. Gari nilimfundisha mwenyewe, kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba yangu. Safari hiyo alibeba vigae. Vigae vya bafuni, vya waridi, mali ya tajiri mmoja wa huko aliyekuwa anajenga hoteli. Akafika salama, akapaki kwenye uwanja wa ghala kusubiri kushusha, na kabla hajashusha hata boksi moja vita ikaingia mjini. Waasi wakauchukua mji. Tajiri wa vigae akakimbia na familia yake. Shemeji yangu akabaki ndani ya geti, yeye na lori na mlinzi mmoja kiziwi, risasi zikipita juu ya bati.

Sasa hapa lazima nieleze kitu. Kwangu kuna sheria moja tu: dereva harudi bila gari. Likikufia porini, unalala chini yake mpaka nifike. Kwa sheria hiyo sijawahi kuibiwa hata tairi la akiba, na kila mahali nilikuwaga najisifia nayo. Shemeji yangu aliishika kuliko wote, maana hakutaka watu waseme anadekezwa kwa sababu ya dada yake. Mpaka ulikuwa karibu, mtu anavuka kwa miguu. Kila siku watu walikuwa wanapita mbele ya lile geti na magodoro kichwani, wanavuka. Yeye hakuvuka. Mtandao ukirudi ananipigia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shem, gari lipo salama." Habari zake mwenyewe mpaka nizivute kama maji ya kisima kirefu. Ndivyo nilivyojua kwamba wenye bunduki walishakuja getini kuuliza lile la kijani ni gari la jeshi gani.

Kwa nini sikumwambia aliache? Watu wameniuliza sana, na wengi walikuwa na jibu lao tayari, kwamba nina roho ya mali. Si kweli. Mie hesabu yangu ilikuwa hivi: mtu mwenye gari ana kitu cha kutoa akibanwa. Anatoa dizeli, anatoa betri, anatoa gari lenyewe. Mtu wa miguu akibanwa anatoa nini? Bado naamini ni hesabu ya mtu mwenye akili. Ila ilikuwa inaninyima utulivu. Nilikuwa nakaa nasimama, nakaa nasimama, mke wangu akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Shinyanga.

Kwao, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono. Tangu nimeoa nilikuwa nauona mgongo wake tu, au kanga inakata kona. Siyo chuki, ni heshima, na mie niliipenda maana ilinipunguzia maneno. Akija Dar anafikia kwa ndugu yao Temeke. Safari hii alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja kwangu, akatandika mkeka nyuma ya jiko, akakaa.

Mazungumzo yakaanza. Yeye yuko nyuma ya jiko, mie niko sebuleni, mke wangu anapita katikati na maneno kama mtu anayebeba uji wa moto. Mama anasema mtoto wake arudi. Nami nasema mwambie mama hata mie nataka arudi. Mama anasema basi amwambie aliache hilo gari. Nami nasema mwambie mama mambo ya barabara ayaachie wenye barabara. Nyumba yangu ni kubwa lakini siyo kubwa hivyo, kila neno tulikuwa tunalisikia wote kabla mke wangu hajalifikisha. Jioni hizo kwenye taarifa ya habari walikuwa wanasema wakubwa wa ile vita hawataki kukaa chumba kimoja, mpatanishi ndiye anayetembeza maneno yao hotelini. Nilicheka peke yangu. Nikajiambia wangekuja Mbagala kujifunza kwa mke wangu.

Kicheko kikaisha haraka, kwa sababu mama alianza kusogea. Kwanza alikataa chakula changu, akawa anapikiwa na jirani. Halafu akaondoa mkeka nyuma ya jiko akautandika uani, pale ninapoanikia maturubai. Mke wangu naye akahama kitanda akaenda kulala na mama yake, na asubuhi akaniletea chai bila neno. Kisha mkeka ukaja barazani, mbele ya mlango mkubwa. Mie, mwenye nyumba, niliyemwaga zege la nyumba hiyo kwa mikono hii, nikawa naingia na kutoka kwa mlango wa jikoni nimeinamisha kichwa nisije nikamtazama mkwe. Majirani walikuwa wanaona. Mtani wangu mmoja Mzaramo, muuza mkaa, akaniuliza kama mpaka wangu nao umefungwa au naweza kuvuka kwa kibali. Nikamwambia Wazaramo wajenge kwanza nyumba yenye milango miwili ndipo waongee na mie.

Hakuna aliyecheka sana, hata yeye. Kila mtu pale mtaani alijua kijana yupo wapi.

Marais walipokuja Dar kukaa kikao juu ya vita hiyohiyo, nilikuwa naelekea mjini kumwona mkubwa mmoja niliyeambiwa ana watu mpakani. Barabara ya uwanja wa ndege ikafungwa. Tukazimishwa magari, tukashuka, tukasimama juani, misafara inapita. Magari meusi, pikipiki, magari meusi tena. Watu walikuwa wananung'unika wanachelewa kazini. Mie nilikuwa nahesabu vioo vyeusi nikiwaza kwamba nyuma ya kimojawapo yupo mtu anayeweza kunyanyua simu na lile geti la Goma likafunguliwa. Na mie nimesimama hapa, mita chache, mtu anayejulikana bandari nzima, na hakuna hata mmoja aliyeshusha kioo. Sijazoea kuwa mtu mdogo. Barabara ilipofunguliwa, mkubwa wangu alishaondoka ofisini, na simu yake ikawa haipokelewi.

Nikarudi nyumbani, nikapita jikoni, nikawasha televisheni. Walikuwa wanaonesha kikao, maua mezani, bendera zimepangwa, msomaji anasoma maazimio. Silaha zinyamaze, pande zote zizungumze. Niliongeza sauti, kama vile nikiongeza sauti wangesema na habari ya lori.

Nikasikia mlango mkubwa unafunguka. Nilijua siyo mke wangu, mke wangu ananyanyua mlango usikwaruze. Nikaangalia chini. Nikaona miguu, viatu vya raba vyenye vumbi, vikapita mbele ya televisheni, vikasimama. Halafu akakaa kwenye kochi la mbele yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni kajiziba mdomo.

"Baba," mama akasema, "nitazame."

Sikuweza. Nimepigana na manyapara, nimelala na chui porini Katavi, lakini hilo sikuweza mpaka aliposema tena. Nikainua macho. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani miaka yote. Ana jicho la mke wangu, lilelile la kushoto linaloanza kufumba kabla ya jingine.

"Mie hanisikilizi. Anakusikiliza wewe. Mpigie."

Nikapiga. Mtandao hakuna. Nikapiga tena, hakuna. Mama hakuondoa macho. Nikapiga tena na tena mpaka ikaita, nikaweka sauti ya nje.

"Shem, gari lipo salama."

"Liache."

Nyuma yake kulikuwa na kelele ya kitu kama bati linaburutwa.

"Umesemaje?"

"Liache gari. Vuka kwa miguu, leo."

"Shem, na sheria je? Au kuna mtu kakushikia bunduki na wewe huko?"

"Mama yupo hapa."

"Najua yupo, dada kaniambia. Yupo uani."

"Yupo mbele yangu. Kakaa kwenye kochi. Ananitazama."

Yeye ni mtoto wa kule, hakuhitaji kuelezwa. Mama aliyekaa kumtazama mkwe wake ni mama aliyemaliza maneno yote.

"Basi nakuja," akasema.

Mama akainuka, akajifunika kanga hadi puani, akatoka kwa mlango uleule. Mkeka wake aliurudisha nyuma ya jiko.

Shemeji alivuka kesho yake. Anasema alimbebea bibi mmoja godoro ili aonekane mtu wa familia, na lilikuwa godoro zito kuliko vigae. Aliposhuka stendi ya Mbezi alikuwa kakonda, ndevu zimemjaa, na ufunguo wa lori kauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kabla hajaondoka alikuwa kalifunga milango na kuweka jiwe kwenye tairi, eti lisiteleze. Nilimkumbatia pale mbele ya watu, na mie siyo mtu wa kukumbatia wanaume.

Kwao ilibidi itolewe fidia ya kusafisha macho, ili mimi na mama turudi kwenye heshima yetu. Wazee wakasema mbuzi. Nikatoa ng'ombe. Mbuzi ni wa watu wanaotazamwa na wakwe wadogo. Mama akarudi Shinyanga, na pale stendi niliuona tena mgongo wake, nikashukuru.

Lori nililiona mara moja. Ilikuwa kwenye habari, nyuma ya mwandishi anayeongea. Likapita la kijani, limejaa watu wenye bunduki, na kiraka cha turubai nilichokishona mwenyewe pembeni. Shemeji alikuwa kakaa chini anakula muhogo. Akasema, "Gia ya tatu inachomoka. Wataijua wenyewe." Nikauliza vigae viko wapi. Akasema labda wanaoga.

Siku hizi anaishia Tunduma na Kigoma, na lori lake nimelipaka nyeupe. Wenzake wanamwita bwana harusi. Lakini mie sijatulia. Taarifa ya habari ikianza nasimama. Wanasaini huku, wanapigana kule, wanasaini tena kwenye mji mwingine wenye mazulia. Juzi walisaini, na habari haijaisha shemeji akaingia kavaa koti la safari.

"Shem, wameelewana. Nipe ufunguo nikalichukue. Nalijua lilipo."

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari, juu ya televisheni. Gari lile lilikuwa la kwanza, lile la mnadani. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu. Niliuchukua, nikautia mfukoni, nikamwambia avue koti. Akabisha, nikambishia. Sheria ni sheria, akasema, dereva harudi bila gari. Nikamwambia sheria ni yangu na nimeibadilisha.

Kisha nikaita jikoni, mke wangu anisikie. Nikamwambia apige simu Shinyanga. Amwambie mama kwamba mtoto wake haendi popote, na maneno hayo yametoka kwangu, hakuna aliyenitazama.