Aleluya Kutoka Mashineni

Miaka ishirini na sita Mama Kunegunda aliimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, katika kwaya ya kigango chao, Bombambili. Akianzisha Aleluya, hata vichanga viliacha kulia. Kisha likamwota rovu shingoni, akafanyiwa upasuaji. Rovu likaondoka, na sauti ikaondoka nalo. Akijaribu kupanda juu, kulitoka mkwaruzo tu, kama mlango usiotiwa mafuta.

Kwaresima nzima alikaa kwenye benchi la kwaya akichezesha midomo.

"Pasaka ikipita sijaimba Aleluya," alimwambia mdogo wake Getruda, "joho la kwaya nalirudisha."

Lakini kujaribu hakuacha. Kazi yake ilikuwa kusaga mahindi mashineni, na mashine ile ikinguruma hata radi huisikii. Basi akawa anamimina mahindi huku anaimba Aleluya. Kwaresima Aleluya haiimbwi, naye alijua. "Bwana, haya ni mazoezi tu," alimweleza Mungu.

Jumatano ya Juma Kuu, mwalimu wa kwaya, Otto, alileta debe lake la mahindi. Akiwa nje kwenye foleni, mkanda wa mashine ukakatika. Mashine ikanyamaza ghafla. Kunegunda hakunyamaza.

Aleluya ikatoka mlangoni, nene, imejaa, kama ngoma ya lizombe ikisikika toka ng'ambo ya mto.

"Jamani, huyo mwanaume ni nani?" Otto akaruka. "Mtu wa sauti ya tatu namtafuta tangu Krismasi!"

Akachungulia. Ndani mlikuwa na mama mmoja tu, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, amejiziba mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinicheke, mwalimu. Nimekuwa dume la ng'ombe."

"Basi dume hilo nalitaka Jumapili."

Kumbe Kunegunda alikuwa akiitafuta sauti kule juu ilikozoea kukaa, na Mungu ameiweka chini.

Siku ya Pasaka alisimama katikati ya wanaume. "Karibu, Baba Kunegunda," Rupert wa sauti ya nne akamtania. Somo la pili likaisha, waumini wakainuka. Otto akamnyooshea mkono Kunegunda.

Akaanza. Aleluya ya kwanza peke yake, ya pili na kwaya, ya tatu kanisa zima limesimama juu ya sauti yake kama nyumba juu ya msingi. Vigelegele vikapasuka. Getruda alilia mpaka kilemba kikamwanguka.

Jumanne mashine ilifungwa mkanda mpya. Kabla haijawashwa, foleni yote ikapiga kelele:

"Mama, subiri! Tuimbie kwanza!"