Nyuki kwenye Motokaa ya Mzee Salumu

Jamani, wiki iliyopita nilijiona dereva kamili. Mzee Salumu, tajiri yangu hapa Kaisho, alinituma niijaze petroli motokaa yake mpya. Nilikuwa na mafua, sinusi kitu. Nikachukua debe uani, nikamimina lote.

Motokaa ikagoma kuwaka. Nikazungusha hendeli, nikasafisha plagi, nikaita wanaume sita tukaisukuma. Wapi!

"Ukiiharibu, utarudi kupalilia migomba," mzee akanionya. Machozi yakanilenga.

Mara nyuki wakajazana kwenye mdomo wa tangi.

"Tangu lini nyuki wakapenda petroli?" mzee akauliza.

Mkewe akatoka jikoni. "Nani kachukua debe langu la maji matamu ya ndizi?"

Mzee akacheka hata akaketi chini. Nami nikapumua.

"Haijaharibika, mwanangu," mzee akaniambia. "Imeshiba tu!"