Seli za Mzee Timazi

Mafundi wenzake wa ujenzi walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu ukuta aliousimamisha yeye haukuhitaji kupimwa mara mbili. Alipanda jukwaa kama paka mpaka nywele zilipokwisha kuwa nyeupe. Kisha goti la kulia likaanza kulia kama bawaba kavu, na mwishowe likamlaza kabisa. Alipaka dawa, akameza dawa, goti likabaki na kiburi chake.

Ndipo kitindamimba wake, binti aliyekuwa akiuza viatu dukani, akamletea habari. Hospitalini kulikuwa na utafiti. Mgonjwa anatolewa mafuta kidogo tumboni, na ndani yake zinatafutwa seli shina, yaani chembe zinazoweza kujigawa na kugeuka kuwa mfupa au gegedu, ule mfupa laini wa kwenye viungo. Zinakuzwa maabara mpaka ziwe nyingi, kisha anadungwa mwenyewe gotini. Walihitaji pia vijana wazima ili walinganishe seli zao na za wazee, na binti alikuwa ameshajitolea.

"Mafuta ninayo," mzee akasema, akijipiga kitambi. "Huyu mama amenilisha bila huruma."

"Nani alikushikia kijiko?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

Baba na binti wakatolewa mafuta siku moja. Timazi alirudi nyumbani na plasta tumboni, akawatangazia mafundi wenzake wasimpe mtu nafasi yake, anakuja.

Daktari aliyeendesha utafiti, mwanamke mpole wa umri wa binti yake mkubwa, alipowaita tena hakuwa na uso wa habari njema.

"Baba, seli zako tumezipata, tena si haba. Tatizo haziongezeki. Zinajigawa kidogo, halafu zinagoma. Hazifiki kiasi cha kukudunga."

"Na za huyu?" Akamwonyesha bintiye kwa kidevu.

Daktari akafungua faili. "Za huyu zimejaa chombo. Tumezihamishia vyombo vingine."

Binti akatazama sakafu kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

"Labda zangu hamzilishi vizuri," mzee akasema.

"Chakula ni kilekile, joto ni lilelile. Ni umri, baba. Seli nazo huchoka."

"Basi chukueni tena. Kiunoni huku, popote mnapopataka."

Wakachukua tena, akavumilia sindano ya ganzi na michubuko iliyomfanya alale chali kama gogo. Majibu yakawa yaleyale. Safari hii uvumilivu ukamwisha.

"Yule mzee niliyekaa naye kwenye benchi hapo nje ananizidi umri! Amedungwa, anatembea! Zake zimekubali vipi?"

"Umri si kila kitu," daktari akasema. "Watu hutofautiana."

"Aa! Kwa hiyo si uzee. Ni mimi!"



"Mpeni zangu," binti akadakia. "Si mmesema zimejaa?"

"Haturuhusiwi. Utafiti huu ni wa seli za mgonjwa mwenyewe tu."

"Nimemzaa mimi huyu!" Timazi akafoka. "Hizo zake zimetoka wapi kama si kwangu?"

Akadai angalau azione, wakampeleka maabara, akainamia hadubini. Za bintiye zilikuwa nyembamba, ndefu, zimebanana zikielekea upande mmoja. Zake zilikuwa chache, pana, zimetawanyika kila moja kivyake.

"Zimejilalia tu," akasema, sauti imemshuka.

"Tunaomba utuachie tuendelee kuzitunza," daktari akasema. "Hizi zinazogoma ndizo tunazotaka kuzielewa."

"Kwa hiyo nyinyi zinawafaa, mimi mwenyewe hazinifai."

"Kwa sasa ndiyo, baba."

Upole ule ulimuudhi kuliko matusi. Alitamani kusema hapana, awakomoe. Lakini angezipeleka wapi? "Haya, zitunzeni," akasema hatimaye. "Ila msije mkazitupa kwa sababu zinachelewa."

Lifti ilikuwa mbovu. Binti akampa mkono kwenye ngazi, mzee akausukuma. Akashuka kidogo, akasimama, jasho likimtoka, ameng'ang'ania reli ya ukuta. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama bintiye.

"Usiniambie kitu."

"Sijasema kitu, baba."

"Unawaza."

Jukwaani hakurudi. Siku hizi hukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya jengo, akiwakagulia wenzake kazi, na sauti yake husikika mtaa wa pili akilalamika kwamba saruji imetiwa maji mengi. Daktari humpigia simu mara mojamoja kumjulia hali. Yeye humuuliza kwanza kama zile za kwake zimeamka, na akiambiwa bado, humkatia simu.