Chuo kiliweka mémoire yangu bure mtandaoni, baba mkwe akaisoma kabla ya siku ya mahari

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kisangani, kwa hiyo Kifaransa kikijipenyeza mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, anayebisha avuke mto aulize Lubunga.

Chuo chetu kiliamua kuweka mémoire zote za wanafunzi online, bure. Mémoire ni ile kazi ya mwisho unayoitetea mbele ya jury ili upate digrii. Zamani ukimaliza inafungiwa kabatini, wasomaji wake waliobaki ni mchwa.

Yangu ilihusu wauzaji wa mawese wanaochanganya mafuta na maji. Niliandika bila huruma: wauzaji WOTE. Jury wakapiga makofi.

Sasa, mchumba wangu Furaha ni binti wa muuza mawese.

Chekeni tu. Nilijiambia papa yake hawezi kutoka Lubunga kuja kufungua kabati la faculté.

Link ilipotoka, Furaha akafungua PDF, akasoma dédicace tu, ule ukurasa wa kutaja uwapendao, akaona jina lake, akalia kwa furaha. Akaituma kwenye group ya WhatsApp ya familia. Huku kwetu mémoire inasomwa hivyo: unatafuta jina lako, ukilipata basi kazi ni nzuri.

Papa yake akasoma yote.

Siku ya mahari tulivuka mto na pirogue, mimi na wajomba zangu, na mbuzi, na vitambaa, na bidon ya mawese waliyoiomba. Mzee akanipokea vizuri mno. Nikaogopa.

"Musomi, karibu. Kitabu yako nilisoma mpaka conclusion. Unasema sisi bote tunatia maji. Bon, leo tufanye vile uliandika."

Akaagiza sufuria na moto, akamimina mafuta ya bidon yetu. Nilikuwa nimeandika kwamba mafuta yenye maji yakipata moto hulia na kuruka.

Wakuu, yalilia. Yaliruka mpaka mjomba wangu akahamisha kiti.

Na niliyanunua mwenyewe sokoni, baada ya kuyakagua kitaalamu! Furaha anatazama chini. Niliona kabisa nampoteza hapo hapo, na iliniuma sana.

Mzee akazima moto. "Ulinunua kwa nani?"

Nikamtaja.

"Ule? Ule njo mwizi ya kweli! Ungekuya kwangu." Akacheka mpaka akafuta macho. "Binti nakupatia. Mafuta beba, urudi nayo."

Funzo: mémoire ziwekwe wazi, nasimamia hapo hata leo. Ila kabla hujaandika "wote", fikiria ni mlango gani utakuja kubisha hodi.

Sasa kuna kijana anamtaka mdogo wake Furaha. Mzee hajauliza kabila wala kazi, ameomba link.

Tatizo, mémoire ya kijana inahusu wazazi wanaodai mahari kubwa kupita kiasi. Mwenye ushauri amwandikie hapo chini, mimi nimeshindwa.