Kesi ya Msusi

Mume wa msusi alipofariki, hata matanga hayajaisha, shemeji yake alitia kufuli jipya mlangoni. "Nyumba ni ya ukoo," alisema. "Wewe ulikuja na begi, utaondoka na begi." Msusi akahamia kwenye chumba cha nyuma cha saluni, akawa analala katikati ya madishi ya kuoshea vichwa na harufu ya mafuta ya nywele.

Bahati yake, palikuwa na ofisi ya msaada wa kisheria isiyotoza hata senti. Wakili wa pale, binti mdogo mwenye sauti ya kukwaruza, alimfungulia kesi. "Usiogope, mama," alimwambia. "Tutasimama pamoja."

Hawakusimama pamoja. Wafadhili walijitoa, ofisi ikafungwa, na wakili akaenda kutafuta riziki mji mwingine. Kuanzia hapo msusi alikwenda mahakamani peke yake, na kila akienda kesi ilikuwa imeahirishwa. "Hakimu ni mmoja, mahakama mbili," karani alimweleza. "Leo yuko kule. Tumpasue?" Msusi alicheka kwa adabu, akarudi kusuka vichwa vya watu. Wateja walimpigia soga za harusi na waume zao, yeye aliitikia tu, "Enhe."

Siku ya kusikilizwa ikafika. Shemeji alikuja na wakili wa kukodi, na nyuma yake ukoo mzima ukajaza benchi. Benchi la msusi lilikuwa na mkoba wake tu.

"Una ushahidi gani kwamba ulishiriki kuijenga nyumba hii?" wakili yule alimuuliza.

Msusi aliikumbuka kazi ya kufyatua matofali. Maji yale, matope yale, nani huweka risiti ya jasho? Macho yake yakamwangukia wifi yake kwenye benchi la pili. Zamani walikuwa chanda na pete. Tangu msiba hawajaamkiana.

"Muulizeni wifi," alisema. "Tulifyatua matofali sote."

Wakili alipinga, lakini hakimu alimwita wifi kizimbani. Wifi aliapa, akamtazama kaka yake, kisha akainama.

"Ni kweli," alisema. "Mimi nilichota maji, yeye alikanyaga udongo. Alikuwa na mimba, ikaharibika palepale kiwanjani."

Habari ile msusi hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Hukumu ilipotoka, nyumba ikawa yake. Nje, alimkimbilia wifi na kumshika mkono.

"Wifi, ahsante. Karibu nyumbani."

Wifi aliutoa mkono wake taratibu. "Nimesema kweli. Sijasema tumepatana." Akaenda zake kuwafuata ndugu zake.

Msusi alisimama kwenye ngazi, furaha imemjaa kifuani na hana wa kummegea. Akapiga simu ya binti wakili, haikupatikana. Miguu ikampeleka hadi ilipokuwa ofisi ile. Sasa lilikuwa duka la magodoro.

"Nimeshinda kesi," alimwambia muuzaji.

Muuzaji alimtazama, akatabasamu kama mtu asiyetaka kumkosea mteja. "Hongera, mama. Unataka la futi ngapi?"

Msusi akafikiri kidogo. "La mtu mmoja," akasema.