Dirisha la Siku Tano

Pale hospitali walimwita Fagio, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kulitunza, kwenye kompyuta, jedwali la majibu ya maabara, lenye mistari milioni mia mbili na ushee. Jibu likirekebishwa, mstari wa zamani hauondoki. Unabaki humo ukila nafasi mpaka programu ya usafi ipite iuzoe. Nayo ina adabu zake: haizoi kitu ambacho huenda mtu bado anakitazama.

Siku ya tano sasa programu hiyo ilikuwa inapita na kutoka mikono mitupu. Jedwali lilijaa uchafu, ukitafuta jibu la mgonjwa skrini inazunguka weee mpaka inakata tamaa. Na jibu lililokwama asubuhi hiyo lilikuwa la dada yake mwenyewe, aliyelazwa ghorofa ya tatu. Daktari alishasema: lisipoonekana kabla ya saa sita, upasuaji unasogezwa mwezi ujao. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kusubiri mwezi.

Fagio hakutulia. Aliketi, akasimama, akafungua orodha ya wanaolitumia jedwali, akaifunga. Akashuka maabara kumpa mkuu wa huko maneno mbele za watu, eti vijana wake huacha jedwali wazi kwenye kompyuta wakaenda kunywa chai. Mama wa watu akajibu kwa upole kwamba wao hufunga kila kitu kabla ya kuvua koti. Hakusikia. Akaenda masjala, nako akawasha moto. Kumbe muda wote alikuwa akiwasaka wanaofanya kazi. Aliyekaa tu bila kufanya lolote hakumtafuta.

Saa tano kasoro dakika chache ndipo alipomtafuta. Dirisha moja la jedwali, limeachwa wazi siku tano, halisomi wala haliandiki, ila kwa programu ya usafi ni mtu bado anatazama. Lilikuwa kwenye mashine ya konani mwa ofisi yake, ile ya majaribio, isiyoguswa na mwingine.

Akakumbuka. Siku dada alipotolewa damu, yeye ndiye aliyeingia humo kuangalia kama imefika maabara. Simu ya wodini ikalia, akatoka mbio bila kufunga.

Alilifunga. Usafi ukapita, safari hii ukazoa, na saa sita kasoro robo jibu likatokea, tena zuri. Akapitia maabara kuomba radhi, uso chini, kisha akapanda ngazi.

Dada alishapandishwa kwenye machela, na habari za jibu lililokwama zilishamfikia.

“Ni nani aliyekuwa amelishikilia?” akauliza.

“Mimi, dada. Niliacha dirisha wazi.”

Akacheka kidogo, akijishika ubavu. “Nilijua tu, mdogo wangu. Mama akichelewa kurudi ulikuwa unaacha mlango wazi ili umsikie akija. Mpaka tukaibiwa redio.”

Machela ikaingia chumba cha upasuaji. Fagio akabaki kizingitini, mkono kwenye ukingo wa mlango, mpaka muuguzi alipomwomba asogee ili afunge.