Shomeri Mwenye Baraka

Kwanza hili likae wazi: sikuwa mvivu. Nalisema kwa ukali kwa sababu hasira yake haijaniisha, ingawa miaka imepita, na kati ya walionisema wapo waliokwisha kuzikwa, Mungu awarehemu, na wapo ambao mpaka leo wananisalimia barabarani meno yote nje.

Nilikuwa fundi wa barazani. Bujumbura ya wakati ule, fundi wa nguo hakuhitaji duka. Aliweka cherehani yake kwenye baraza la muuza vitambaa, mteja akanunua kitambaa ndani, akatoka nacho mkononi, akapimwa palepale mlangoni. Mwenye duka aliuza, fundi alishona, kila mtu akaenda kwake na riziki. Baraza langu lilikuwa mtaa wa Asiatiki, kwa mzee wa ukoo wa Kiomani aliyezaliwa humo humo dukani na aliyekijua Kirundi kunishinda mimi.

Vita tulikuwa tumekwisha kuvizoea, kama mtu anaweza kuzoea kitu kama kile. Tulijua saa ya kujifungia ndani, tulijua milio ya milimani ikoje inaposogea na ikoje inapokwenda mbali. Kilichotuangusha sisi watu wa sindano ni vikwazo. Nchi jirani zilifunga mipaka, vitambaa vikaacha kuingia, na rafu za mzee zikabaki na satini ya waridi ambayo hata bibi harusi aliyekata tamaa asingeivaa. Siku aliyofunga duka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Peleka mashini nyumbani, mwanangu," aliniambia. "Siku nikifungua, nitatuma mutu akuite."

Hakufungua tena. Nilipakia cherehani kwenye toroli, nikaisukuma mpaka mtaani kwetu Buyenzi, na mke wangu akaifunika kitenge.

Nilitafuta baraza jingine, hilo naapa. Kila nilipofika palikuwa na fundi mwenzangu amekaa bila kitambaa, ananikata jicho kabla sijamaliza salamu. Kisha asubuhi moja sikuamka. Macho yalifunguka, adhana niliisikia, lakini mwili ulikataa. Nilidhani ni malaria. Nilikwenda zahanati na matumaini kabisa ya malaria, maana malaria ina vidonge na ina heshima. Mtu wa malaria hupelekewa uji. Muuguzi alipima damu yangu akasema, "Hauna kitu." Nilirudi nyumbani na ile hauna kitu yangu, nikalala.

Haikuwa huzuni ya kulia. Ningelia ningeshukuru. Ilikuwa uzito tu, kutoka asubuhi mpaka jioni, na chakula mdomoni kilikuwa karatasi. Na kichwani nilikuwa na vipimo. Fundi hasahau vipimo vya mteja wake. Mimi nilijua upana wa mabega na urefu wa mikono ya watu ambao vita vilikuwa vimewachukua, na kila nilipofumba macho niliwaona wamepanga foleni nje ya duka lililofungwa, wanasubiri kupimwa. Hilo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kila nyumba ilikuwa na wake.

Mtaa ulikuwa na jina la mtu kama mimi: shomeri. Maana yake ni asiye na kazi, basi. Lakini kwa namna lilivyotamkwa Buyenzi, lilikuwa jina la mwanaume anayekula jasho la mkewe, anayelala mpaka jua limkute, anayechagua kazi kwa sababu anajiona. Ni kweli mke wangu alikaanga sambusa na kuziuza mlangoni, na sambusa hizo ndizo zilizotulisha. Mbele ya mlango huo huo jirani yetu, fundi wa magari, alishinda chini ya gari lililokuwa halina petroli tangu vikwazo vianze.

"Shomeri!" alinipigia kelele kila asubuhi. "Umeamuka, ao bado unatafuta kazi mu ndoto?"

Watu walicheka. Hakuna aliyeona kwamba naye alikuwa amelala. Aliyelala chini ya gari aliitwa fundi, aliyelala kitandani aliitwa shomeri. Mama mkwe naye hakupita bila kutuachia methali yake ya ajizi nyumba ya njaa. Njaa! Ningeisikia hiyo njaa ningechinja mbuzi wa shukrani.

Aliyeniumiza zaidi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza vipuri, mtu mwema. Alikuja siku chache kabla ya Ramadhani, akafunua kitenge, akalizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole.

"Mashini ikilala inaota kutu, shemeji," alisema. "Iko mutu wa Ruziba anaitaka, anataka kumufungulia muke wake kazi. Nakungojea mpaka Idi. Idi ikipita na we bado unalala, tunauzisha, watoto wakule."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana liliniingia. Kwa kuwa cherehani ile ndiyo iliyobaki kunishuhudia. Ikiondoka, nisingekuwa tena fundi aliyekwama. Ningekuwa kile walichoniita.

Ramadhani ikaingia, na Buyenzi nzima ikaanza kuishi kama mimi. Watu walitembea polepole, waliongea kidogo, na baada ya adhuhuri walijilaza kwenye mikeka ya msikiti wakitazama dari. Nilijilaza nao. Midomo yangu ilikuwa mikavu, macho yameingia ndani, sina neno na mtu, na watu wakaanza kunitazama kwa adabu. Nilipokuwa natia udhu nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Ule amefunga kweli kweli." Mzee mmoja wa msikiti aliwaonyesha vijana: tazameni mtu aliyeipa dunia kisogo. Hata jirani yangu alitoka chini ya gari lake, akafuta mikono kwenye suruali, akaniomba nimwombee dua petroli ipatikane. Mwezi uliopita nilikuwa mzigo wa mtaa, sasa nilikuwa mtu wa baraka, na sikuwa nimebadilisha hata mkao.

Ningecheka, kama kicheko kingekuwapo.

Mke wangu ndiye ambaye hakudanganyika. Jioni moja alituandalia futari: uji, tende, na sambusa alizokuwa amewanyima wateja. Adhana ya magharibi ilipolia, mikono ya watoto iliruka. Mimi nilinywa maji, nikaweka kikombe chini. Alikuwa ananitazama.

"Mwenye kufunga, magharibi anakula," alisema. "We haukule. Kila siku nakuangalia. Hii si dini, baba watoto."

"Si dini," nilisema.

"Ni uvivu?"

"Mi sijui ni nini. Hata njaa siisikie. Nataka kushona, mukono hautake."

Alimpangusa mtoto uji kidevuni. Kisha akaniambia kwamba nyanya yake wa milimani, Mrundi wa jembe na ng'ombe, alikuwa na neno la kitu hicho: akabonge. Ni huzuni inayoingia kwa mtu na kukaa, mgeni asiyeaga.

"Na yeye alikuwa anaifanya nini?" niliuliza.

"Alikuwa analima nayo."

Nimesikia mawaidha mengi katika maisha yangu, na watu wenye vilemba virefu wamenihubiria. Hakuna lililonishika kama hilo. Hakusema nyanya yake alipona ndipo akalima. Hakuniambia nijikaze, neno ninalolichukia mpaka kesho. Siku iliyofuata, baada ya alasiri, aliikokota cherehani mwenyewe mpaka mlangoni, mbele ya macho ya mtaa, akaweka kiti.

"Kaa tu," alisema. "Hata usiposhona, kaa."

Nilikaa. Siku ya kwanza nilitia mafuta, basi, nikarudi kulala nimechoka utadhani nimebeba mawe. Lakini mtaa ulikuwa umeona. Mcha Mungu ametoa cherehani! Walikuwa na hakika kwamba mkono wa mtu aliyefunga vile una baraka, na nguo ya Idi ikishonwa na mkono huo humfaa mtoto mwaka mzima. Hilo ni kosa ambalo Buyenzi peke yake ingeweza kulifanya, na ndilo lililoniletea kazi.

Kitambaa kipya hakikuwapo, kwa hiyo walileta vya zamani vigeuzwe. Kugeuza ni kuifumua kola iliyolika, uzi kwa uzi, ukaipindua, upande wa ndani ambao haujaona jua ukatoka nje, ukashona upya. Kanzu ya baba unaifumua yote, unaigeuza, unaikata iwe ya mwana. Ni kazi ya subira ambayo mafundi wanaikwepa, na mimi niliiweza kwa kuwa haina haraka. Nilijiwekea sheria, na sheria hiyo ninayo mpaka leo, maana ugonjwa huu nao ninao mpaka leo, huenda na kurudi: ikifika alasiri nakaa kwenye cherehani. Nikiweza, nashona. Nisipoweza kushona, nafumua. Nisipoweza kufumua, nakaa.

Kuna siku machozi yalinitoka bila sababu nikayafuta kwa kanzu ya mtu. Waliokuwa wanapita walisema, subhanallah, analia kwa kumcha Mungu. Nilitamani kuwatupia mkasi.

Nguo zote zilikuwa tayari kabla mwezi haujaandama. Asubuhi ya Idi nilisimama mlangoni, kanzu zangu zikapita kwenda kuswali, ndogo kwa kubwa, nyeupe upande ambao zamani ulikuwa wa ndani. Nilisikia harufu ya pilau kutoka nyumba ya pili. Nilikuwa sijasikia harufu ya chakula tangu duka lifungwe, na nilifurahi.

Idi ikapita. Watu walirudia mwendo wao, mimi nikabaki na wangu, na uzito ukanirudia kama uliokuwa unasubiri wageni waondoke. Nikakosa alasiri moja, nikakosa na ya pili. "Shomeri!" ilisikika tena kutoka chini ya gari. "Baraka imekwisha na tende?" Hakuna aliyejiuliza yule mtu wa Mungu amegeukaje mvivu kati ya swala mbili.

Basi shemeji akaja na mtu wake wa Ruziba. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni kutafuta unga. Niliwasikia pale mlangoni nikiwa kitandani: kitenge kinafunuliwa, kiti kinavutwa, mguu unakanyaga. Cherehani ya miguu ina kosa moja la wanaoanza. Usipolisaidia gurudumu kwanza kwa mkono, hurudi nyuma, uzi ukajisokota chini na kukatika. Nilisikia uzi ukikatika. Akaupitisha tena sindanoni, akakanyaga vilevile, ukakatika tena.

Kilichonitoa kitandani haikuwa dua wala dawa. Ilikuwa hasira. Nilitoka na kikoi changu, sijanawa uso, ndevu zimesimama.

"Wacha! Unaivunja!"

Mtu wa Ruziba aliruka kutoka kwenye kiti, maskini, hakuwa na kosa.

"Mashini siuzishe," nilisema.

Shemeji alishusha pumzi. "Shemeji, tuliongea. Idi imepita, we unalala."

Watu walikwisha kusogea mlangoni. Kichwa cha jirani kilikuwa kimechungulia kutoka chini ya gari. Niliwaona wote, na niliogopa, na nilisema hivyo hivyo.

"Nalala kwa sababu mi ni mugonjwa. Si mutu wa dini kushinda nyinyi, si mvivu. Mugonjwa. Ramadhani yote nilikuwa mugonjwa, zile kanzu za watoto wenu nilishona nikiwa mugonjwa. Na leo nitashona nikiwa mugonjwa." Nikamnyooshea shemeji mkono. "Shemeji, nipe shati yako."

"Shati gani?"

"Ile umevaa. Kola yake imekwisha."

Aliivuta kola kwa vidole, akaitazama. Ilikuwa imelika mpaka nyuzi zinaning'inia. Kisha akafungua vifungo kimoja kimoja, akanipa shati, akakaa kwenye ngazi kifua wazi na kitambi chake, mfanyabiashara mzima, mbele ya mtaa mzima. Mtu wa Ruziba akakaa kando yake kutazama inavyofanywa.

Nilifumua. Vidole vilikuwa vizito na uzi wa zamani ulikuwa mkaidi. Kola ilipokwisha kutoka, nguvu nazo ziliniisha, nikaegemeza paji la uso kwenye chuma cha cherehani, nikakaa hivyo hivyo. Sikulala wala sikulia. Nilikuwa nakaa, kama sheria inavyosema.

"Eh, bwana!" jirani aliita kutoka chini ya gari. "Unangojea shati, ao unangojea Ramadhani ingine?"

Watu wakacheka. Shemeji hakugeuza hata shingo.

"Nyamaza," alimwambia. "Mugonjwa iko ku kazi."

Kicheko kilikatika. Nilikuwa nimeishi Buyenzi tangu kuzaliwa na sikuwahi kusikia maneno hayo mawili, mgonjwa na kazi, yakisemwa juu ya mtu mmoja. Niliinua kichwa, nikaipindua kola, nikaiweka chini ya sindano. Kisha nikalisukuma gurudumu kwa mkono, nikakanyaga.